Mtahiniwa wa Duka la Rangi

Jina la Mtahiniwa alipewa na Galoni, mbeba mizigo wa duka la rangi, na kama yalivyo majina mengi ya kupewa kazini, lilianza kwa mzaha likaishia kuwa ndilo lake. Wateja nao walilidaka. "Mwiteni Mtahiniwa anichanganyie ile krimu ya safari ile," wangesema, naye angechomoza nyuma ya mashine ya kutikisia makopo, aproni imejaa madoa ya kuta za nusu ya mji, macho mekundu kama ya mtu aliyetoka kukata vitunguu.

Hakuwa amekata vitunguu. Alikuwa hajalala. Na usingizi, asikudanganye mtu, hauna huruma: ukiunyima usiku, utakufuata mchana na kukuaibisha mbele za watu.

Kisa chenyewe ni kifupi. Kati ya mwanamke huyu na chuo cha uuguzi palikuwa na somo moja tu, hesabu. Masomo mengine alikwisha kuyapata, moja mwaka huu, jingine mwaka ule, kama mtu anayejenga nyumba kwa matofali ya kuokota. Hesabu ilimgomea. Mara ya kwanza alilala ndani ya chumba cha mtihani, usingizi wa kukoroma, mpaka msimamizi akaja kumgusa bega. Kalamu ilikuwa imeburura mstari mrefu kutoka swali la tatu hadi ukingoni mwa karatasi. Mara ya pili hakulala, ila kila alichokijua kilimtoroka mlangoni, akabaki anayatazama maswali nayo yanamtazama. Hii ilikuwa mara ya tatu na ya mwisho, kwa kuwa chuo kilikuwa na umri wake wa mwisho wa kupokea watu, na yeye mwakani angekuwa ameshauvuka. Wenye chuo hawakuwa na haja ya kujua kwa nini mtu amechelewa.

Sababu alikuwa nazo. Alipokuwa msichana wa darasa la mwisho, mama yake aliugua ugonjwa usiotoka. Dada yake mkubwa alikuwa keshaolewa mbali, ana mtoto mchanga mgongoni. Wiki ya mtihani ilipofika baba alimwita, akamwambia, "Mwanangu, mtihani upo kila mwaka. Mama hayupo kila mwaka." Maneno mazuri hayo, nani wa kuyapinga? Akabaki nyumbani. Akamgeuza mama, akamlisha, akamwosha, mwisho akamfumba macho. Mtihani kweli ulikuwepo kila mwaka, ila kila mwaka ulimkuta mikono imejaa. Hakumlaumu baba yake hata siku moja kwa mdomo. Moyoni ilikuwa habari nyingine.

Sasa ikawa zamu ya baba. Mzee alikuwa dereva wa malori enzi zake, mtu wa sauti nene na maneno mengi, na kiharusi kikaja kikampiga upande mzima wa kulia. Kilimwachia mkono wa kushoto na neno moja tu lililotoka limekamilika: bado. Mengine yote yalitoka yamevunjika, vipande ambavyo alivitupa mwenyewe kwa hasira. Ukimuuliza, "Baba, umeshiba?" anakujibu, "Bado," na huku anausukuma mkono wenye kijiko. "Baba, umelala?" "Bado." Hilo la pili kila mara lilikuwa kweli.

Mchana aliangaliwa na Mama Cherehani, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyeweka cherehani yake barazani na kila baada ya mshono mmoja au miwili alichungulia dirishani kwa mzee. Mama huyu ndiye aliyekuwa akiitwa mtaani kwao penye uzazi na penye msiba, kwa hiyo mgonjwa mmoja hakumtisha. Jioni alimkabidhi Mtahiniwa habari za siku: kala nini, kakohoa vipi, kamtukana nani kwa jicho.

Na hapo ndipo kazi ya pili ilipoanza. Mtahiniwa alikuwa amesimama tangu asubuhi juu ya sakafu ya saruji, amenusa tina ya kuzimulia rangi mpaka kichwa kinamgonga, amenyanyua makopo, ametabasamu kwa watu wasiojua wanataka rangi gani. Alifika nyumbani hoi bin taabani. Alimgeuza baba, akambadilisha shuka, akamlisha, halafu akajaza beseni maji ya baridi, akaingiza miguu, akafungua kitabu cha hesabu mapajani. Maji ya baridi alishauriwa na mtu. Tangawizi ya kutafuna alishauriwa na mtu mwingine. Chai ya rangi isiyo na sukari, chungu kama shubiri, alijishauri mwenyewe, na Galoni alipoisikia alicheka nusura afe: "Mchana rangi, jioni chai ya rangi! Siku utakayojikata itatoka krimu."

Lakini si maji, si tangawizi wala chai iliyomsaidia. Aliyemsaidia ni baba.

Ilianza bila kupangwa. Jioni moja alisinzia, kidevu kifuani, na baba akachukua kikombe chake cha bati kwa ule mkono uliobaki, akakigonga kwenye chuma cha kitanda. Mtahiniwa akaruka, maji yakamwagika. Mzee akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Tangu siku hiyo akajipa cheo. Hakujua hesabu zaidi ya mizani ya mzigo wa lori, lakini kusinzia alikujua vizuri. Alikuwa ameendesha malori miaka mingi na ni kitu alichokiogopa kuliko polisi. Kichwa cha binti kikianza tu kuinama, kang'! Akifunga kitabu mapema, mzee anakunja uso: "Bado." Naye anakifungua, ananung'unika, "Baba, hata punda hupumzishwa." "Bado," anasema mzee, na macho yanamcheka.

Ukiniuliza mimi, mzee alikuwa analipa. Hakuwa na ulimi wa kusema mwanangu nilikukosesha, akawa anasema kwa kikombe. Mtahiniwa naye alilijua hilo, akalipokea bila kulitaja. Kuna watu wa familia moja wanaozungumza hivyo, na ukiwalazimisha waseme kwa maneno utaharibu.

Tatizo ni kwamba mzee hakuwa na saa. Alimwamsha asome, halafu usiku kucha akamwamsha amgeuze, ampe maji, amkune mgongo. Alfajiri Mtahiniwa alinyanyuka kitandani mzito kama gunia lililonyeshewa, akaenda kazini.

Huko ndiko yalikomkuta ya ukuta wa mwalimu. Mwalimu mmoja mstaafu alileta kipande cha plasta cha sebule yake, buluu ya mbali sana, akataka iliyo sawasawa nayo. Kwa Mtahiniwa hiyo ilikuwa kazi ya mkono mmoja: kopo jeupe, matone ya buluu, tone la nyeusi, unafunga, mashine inatikisa. Muda wa mashine kutikisa ndio uliokuwa darasa lake. Alisimama pale na kukariri huku kelele zikimfichia sauti. Siku hiyo alianza kukariri kabla ya kufunga kopo. Alikuwa anatafuta eksi kichwani, na mkono ukawa unaweka matone kwa kufuata hesabu ya kichwani, si ya kopo, tena matone ya chupa nyekundu. Mwalimu hakufungua kopo dukani. Aliipaka nusu sebule jioni, kwenye taa hafifu, na asubuhi akaamka kwenye sebule ya zambarau.

Alirudi na kopo na mkewe. Mke ndiye aliyesema.

Walipokwisha kuondoka na makopo mapya, Galoni alitaka kujua kilichotokea. Mtahiniwa akamweleza kwamba alikuwa anatafuta eksi.

"Huyo eksi," Galoni akasema, "tangu nakujua unamtafuta. Si utoe tangazo redioni? Amevaa nini, ameonekana wapi mara ya mwisho?"

Mtahiniwa alicheka mpaka akalia, halafu kilio kikapitiliza kicheko, na Galoni akaona aibu, akaenda kupanga brashi ambazo zilikuwa zimepangwa.

Tajiri, mwenye duka, hakucheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa duka. Alimwita kando akamwambia, "Dada, mshika mawili, moja humponyoka. Siku ya mtihani nimekupa, nenda. Lakini ukirudi, nataka nikuone hapa mwili na kichwa. Nikiona kichwa kimebaki nyumbani, na mwili utakifuata."

"Nimekuelewa, tajiri."

"Na jana yake ufunge duka wewe. Galoni ana safari."

Wiki ya mtihani baba akaharibika. Kikombe hakikugongwa tena. Alilala macho nusu, pumzi inakwaruza, na akiguswa aliguna kwa maumivu mpaka Mtahiniwa akawa anaomba radhi kwa kila shuka anayovuta. Daktari wa zahanati alikuja, akasikiliza kifua, akakunja mipira yake ya kusikilizia taratibu. "Mpeni maji kidogokidogo," alisema. "Asiwe peke yake." Mtahiniwa, ambaye alikuwa amekwisha kuuguza, alielewa yote aliyoacha kuyasema.

Akampigia dada yake. Dada akasema anakuja.

Jioni hizo kitabu kilikaa mapajani wazi bila kusomwa. Hakukuwa na wa kumgongea, na ajabu ni kwamba hakusinzia. Aliogopa. Aliogopa vitu viwili kwa pamoja na hakujua kipi kilikuwa kikubwa: kuukosa mtihani, au kumkosa baba. Alitaka vyote viwili, jambo ambalo kila mtu angemwambia ni choyo. Alitaka afanye mtihani, afaulu, arudi amwambie mzee akiwa bado anasikia, ili ile hesabu yao ya zamani ifungwe. Basi siku moja kabla, asubuhi, kabla hajaenda kufunga na kufungua makopo ya watu, aliinama sikioni kwake.

"Baba, nisubiri. Ni kesho tu. Usiende kabla sijarudi."

Mzee alifungua macho. Ilimchukua muda kulipata lile neno lake.

"Bado," akasema.

Mtahiniwa akaondoka na neno hilo kama mtu aliyepewa ahadi.

Dada alifika siku hiyo hiyo, giza limekwisha kuingia, mkoba begani na amri mdomoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alimtazama mdogo wake aliyetoka kufunga duka, akamtazama baba, akashika kiuno.

"Wewe unafanya mtihani na sura hiyo? Watakupeleka hospitali. Nenda kule chumbani ukalale."

"Baba anageuzwa kila—"

"Mimi sijawahi kugeuza mtu? Nina watoto wanne. Nenda."

"Akiniita?"

"Akikuita nitaitika mimi. Wote sisi watoto wake." Akamsukuma kwa bega, akavuta pazia la chumba cha baba. Mtahiniwa alijilaza na nguo zake za kazini, zinanuka tina, akijiambia atapumua kidogo tu kisha arudie pembetatu. Hakurudia kitu. Usingizi ulimchukua mzimamzima.

Aliamka mwenyewe. Hicho ndicho kilichomshtua: hakuna aliyemwita. Mwanga ulikuwa umekaa dirishani, ndege wanapiga kelele, na mwili wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba kwanza aliudhania si wake. Hakukumbuka lini aliwahi kulala usiku mzima. Kisha moyo ukamlipuka, akadhani amechelewa, akatoka mbio.

Dada alikuwa amesimama mbele ya pazia la chumba cha baba. Uso wake ulikuwa umevimba, na hilo halikuwa ajabu kwa mtu aliyekesha.

"Hujachelewa," dada akasema. "Chai ipo mezani. Gauni nimeshalipiga pasi."

"Baba vipi?"

Dada alilishika pazia, akalivuta lizibe vizuri.

"Amepumzika," akasema.

"Afadhali," Mtahiniwa akasema, na akaisema kwa moyo wote, kwa maana alikuwa ameyasikia yale maguno wiki nzima. "Afadhali apumzike. Nimuage?"

"Usiingie. Ukiingia hutatoka." Dada akamshika mabega, akamvisha gauni, akamgeuza, akaanza kumfunga vifungo vyake mgongoni kama alivyokuwa akimfunga walipokuwa wadogo. Vidole vyake vilikosea kifungo, vikarudia, vikakosea tena. "Kunywa chai. Nenda kaandike. Usiwaze kitu kingine leo, umenisikia mdogo wangu? Leo si siku ya kuwaza."

Mlangoni Mtahiniwa alisita. Mguu mmoja ulikuwa nje, mwingine ndani, na nyumba ilikuwa kimya. Alitaka kuuliza kitu, hakujua ni nini. Kisha akaangalia jua, akaenda.

Mama Cherehani alikuwa barazani anatia uzi kwenye sindano. "Kaandike vizuri, mwanangu. Mzee hajambo?"

"Amelala, mama."

Nitawaambia jambo moja kuhusu mtihani ule: ulikuwa mwepesi. Msimamizi alivaa viatu vinavyolia kama kifaranga, akawa anazunguka kwi, kwi, kwi, na siku nyingine yoyote kelele ile ingemtoa Mtahiniwa machozi. Safari hii ilimchekesha. Alisoma swali la kwanza akaona njia yake yote, kutoka mlangoni hadi uani. La pili vilevile. Pembetatu zilikaa kitako. Eksi, yule mtoro, alionekana kila alipoitwa. Aliandika, akahakiki, akapata muda wa kuinua kichwa na kuwatazama wenzake, vijana wengi wao, nyuso zimekunjuka, na hasira ikampanda ghafla. Kumbe wenzake hawa wote walikuwa wakiufanya mtihani wakiwa wamelala usiku! Kumbe hakuwa mjinga. Miaka yote ile amejiita kichwa maji, na alichokosa ni usingizi tu.

Alirudi nyumbani karibu anakimbia. Alipita dukani kwa jirani, akanunua soda, ya kumtilia baba tone mdomoni, kwa kuwa mzee alipenda soda na daktari hakuwa ameikataza. Alipofika kwao cherehani ilikuwa kimya, Mama Cherehani anakula mkate.

"Dada yako leo mkali," mama akasema kwa mzaha, ingawa macho yalimkaa kwenye ile nyumba. "Nimetaka kuchungulia kanifungia dirisha. Ati mzee asisumbuliwe."

"Ndivyo alivyo, mama. Msamehe."

Akavua viatu nje ili asimwamshe baba. Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo kwenye pazia. Mezani kikombe chake cha chai cha asubuhi kilikuwa kimejaa, chai imeganda utando juu.

"Umeweza?" dada akauliza. Sauti ilimtoka kavu.

"Dada! Nimeweza! Dada, wacha nikusimulie." Na akasimulia, kwa kunong'ona, akiwa amesimama peku katikati ya chumba. Alisimulia pembetatu, akasimulia vile viatu, akamwigiza msimamizi akitembea kwi, kwi, mikono nyuma, akajiziba mdomo kwa kicheko. Dada alimtazama mpaka mwisho. Hakumkatiza.

"Maswali yote umejibu?"

"Yote, na nikayarudia. Nimefaulu, dada, mimi najua, mtu hujua. Ngoja nimwambie mzee." Akasogeza soda mkono wa pili, akanyoosha mkono kwenye pazia, kisha akakumbuka adabu ya nyumba yenye mgonjwa. "Bado amepumzika?"

Aliisikia sentensi yake mwenyewe, na haikukaa sawa. Mtu husema bado amelala. Husema bado anapumzika. Hakuna anayesema bado amepumzika, kwa kuwa amepumzika ni jambo lililokwisha. Alibaki na mkono hewani, chupa ya baridi inamtonea miguuni, na asubuhi yote ikamrudia: vifungo, uso uliovimba, dada mbele ya pazia.

"Lini?" akauliza.

"Alfajiri. Kabla hujaamka."

Akavuta pazia. Baba alikuwa amelazwa vizuri, shuka imefika kifuani, kidevu kimefungwa kitambaa, mikono imenyooshwa. Mtahiniwa aliugusa ule mkono wa kushoto. Ulikuwa wa baridi, na ulikuwa mgumu.

"Nililala," akasema.

"Ulilala."

Wahenga walisema kufa kufaana, naye siku zote alidhani ni maneno ya warithi na waganga. Usiku ule mmoja mzima, wepesi ule wa mwili, akili ile iliyong'aa darasani, vyote vilitokana na kwamba baba hakuita. Hakuita kwa kuwa alikuwa anakufa. Alikuwa anakufa upande wa pili wa ukuta, na yeye ananenepa kwa usingizi.

"Kwa nini hukuniambia?" Alinong'ona bado, wote wawili walinong'ona, kana kwamba mzee angeweza kuamka.

"Nilikuambia."

"Ulisema amepumzika!"

"Sasa mtu husemaje?" Dada alimtazama usoni. "Nilikuambia ukweli, mdogo wangu. Nilikwambia kwa neno ambalo ungetaka kulisikia ungelisikia. Ulisimama pale mlangoni. Nikasema moyoni, akirudi, namwambia waziwazi. Akienda, namwacha aende."

Mtahiniwa alitaka kusema hakujua. Alilitafuta neno hilo akaliona halitoki, kwa sababu kweli alisimama mlangoni, na kweli kulikuwa na kitu alichotaka kuuliza, na akatazama jua.

"Safari ya mama," dada akaendelea, "ulilipa wewe. Mimi nilikuwa kwa mume wangu nalea. Nilikuja kuzika tu, nikala, nikaondoka, ukabaki huna mama, huna cheti. Unadhani sikuona? Nikasema hii ya leo nitalipa mimi. Nimekaa naye hapa tangu alfajiri. Nimemfunga kidevu peke yangu. Jirani kaja nimemdanganya kwa dirisha. Sijalia, kwa kuwa ningelia mtaa ungejaa, na mtu angekufuata mpaka kwenye chumba cha mtihani." Akafunua ncha ya mtandio wake. Ilikuwa imetafunwa, nyuzi zimetoka, imelowa. "Hiki ndicho kilio changu. Nimekila."

Mtahiniwa alitaka kumpiga. Alitaka pia kumkumbatia, na mikono haikujua ianze na lipi. Kwa mama alikuwepo, mtihani haukuwepo. Kwa baba ameupata mtihani, yeye mwenyewe hakuwepo. Maisha yalikuwa yamempa kitu kimoja tu kila wakati, na kila mara akachukua kile alichoambiwa.

"Nilimwambia anisubiri," akasema.

Hapo dada akashindwa. Alifungua mdomo, na kilichokuwa kimekaa humo tangu alfajiri kikatoka chote, kilio kirefu cha mwanamke, kikapasua bati la nyumba, kikaenda mtaani. Milango ikagonga. Watu wakaanza kukimbia.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Cherehani, utepe wa kupimia ukiwa bado unaning'inia shingoni. Nyuma yake wanawake wa mtaa walikuwa wanavua viatu mlangoni.

"Lini?" akauliza. "Jamani, ni lini?"

Kilio cha dada kilikatika. Mtahiniwa alimwona akilitafuta jibu, akaona pia kitakachofuata: maneno ya barazani, mwaka huu na mwaka ujao, kwamba mmoja alikaa na maiti kama mtu anayechunga sufuria jikoni, na mwingine akaenda kuandika hesabu na kurudi na soda.

"Sasa hivi, mama," Mtahiniwa akasema. "Nimeingia, nikamshika mkono, akaenda."

Mama Cherehani alipita katikati yao, akainama kitandani. Aliinua ncha ya shuka, akaushika mguu wa mzee, akaupapasa hadi kwenye goti. Alijaribu kulikunja. Halikukunjika. Alibaki ameinama vile, amewapa mgongo, na kwa muda hakuna aliyejua angesema nini.

Kisha akaifunika miguu, akalainisha shuka kwa viganja vyote viwili, akageuka. Aliwatazama dada wawili wale, mmoja baada ya mwingine.

"Afadhali ulimuwahi, mwanangu," akasema, kwa sauti kubwa, ya kusikika mpaka mlangoni.

Wanawake waliokuwa wanaingia wakalipokea neno hilo, wakalipitisha kwa walio nyuma, na walio nyuma wakalitoa nje mpaka uani: alimuwahi, alimuwahi babaye.